Kunyatia ayala kwenye milima ya Uskoti: dume ndiye anayeleta hela, lakini kundi linaongozwa kwa kupiga majike

Nyika_Baridi (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Kwenye ule uzi wa vitalu vya uwindaji watu kadhaa waliniomba nieleze kazi ninayofanya huku Nyanda za Juu za Uskoti, nami nikaahidi kuufungulia uzi wake. Nitoe hoja yangu mapema. Watu wakisikia uwindaji wa huku wanamwona tajiri aliyevaa suti ya twidi amesimama juu ya dume mwenye pembe ndefu. Yupo, na hela yake inaendesha mambo mengi. Ila kundi la wanyama halijawahi kupangwa kwa kupiga madume. Linapangwa kwa kupiga majike, katikati ya baridi, kwenye mvua na theluji, na hiyo ndiyo kazi ambayo hakuna anayekuja kuipigia picha.

Mnyama mwenyewe ni ayala mwekundu, yule wa Zaburi ya 42, mnyama mkubwa kuliko wote wa porini waliobaki nchi kavu huku. Dume peke yake ndiye ana pembe. Zinadondoka kila mwaka, Machi au Aprili, kisha zinaota upya zikiwa zimevikwa ngozi laini yenye damu, hadi Agosti anapoisugua kwenye vichaka ikatoka. Akifikisha ncha 12 huitwa wa kifalme. Jike anazaa ndama mmoja, mwishoni mwa Mei au Juni. Mwisho wa Septemba na Oktoba ni msimu wa kupandana. Usiku unalala unasikia madume wananguruma bonde zima.

Kisheria mnyama huyu akiwa hai hana mwenyewe. Kwetu Tanzania wanyamapori wote ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini. Huku si wa serikali wala wa mwenye shamba. Mwenye ardhi ana haki ya kumwinda akiwa juu ya ardhi yake tu. Akivuka kijito, haki inahamia kwa jirani. Kundi moja linaweza kulala kwenye milki hii na kula kwenye nyingine, kwa hiyo wenye milki wanaunda vikundi vya usimamizi vya ujirani, wanakaa mezani, wanabishana nani apige wangapi. Juu yao kuna shirika la serikali, NatureScot, lenye sheria ya mwaka 1996 mkononi. Linaweza kuwalazimisha, ingawa kwa miaka mingi limependelea maelewano.

Na hakuna mnyama mwingine wa kuwapunguza. Dubu na linksi (paka mkubwa wa porini) walitoweka zamani sana, mbwa mwitu naye akafuata kabla karne ya 18 haijaisha. Amebaki mwanadamu, na njaa ya mwisho wa baridi.

Karibuni kwa maswali.

Mzee_wa_Ruaha

Asante kijana wangu. Tueleze sasa siku yenyewe inavyokwenda. Kwetu kuna kichuguu, kuna kichaka, kuna mti wa kujibanza. Picha za huko naona mlima mtupu kama umenyolewa. Mnajificha wapi?

Nyika_Baridi

Shikamoo mzee wangu. Tunajificha kwenye mikunjo ya ardhi. Ukiutazama mlima kwa mbali ni mtupu. Ukiulalia tumbo unakuta una mitaro, vijito vilivyochimba mboji, migongo midogo ya mawe. Mnyatiaji wa milki, ambaye mara nyingi ni mtu aliyekulia bonde hilohilo, anaijua kila mikunjo kwa jina lake la Kigaeli, lugha ya asili ya huku.

Siku inaanzia kwenye shabaha. Mgeni yeyote, hata awe bwana mkubwa namna gani, anapiga kwanza kwenye karatasi au bamba la chuma mbele ya mnyatiaji. Si kuangalia bunduki tu. Mnyatiaji anamsoma mtu: anapumua vipi, anavuta kifyatulio kwa pupa au kwa utulivu. Hapo anaamua kimoyomoyo atamfikisha umbali gani. Sheria ya silaha ya mwaka 1985 inataka risasi isiyopungua uzito wa greni 80 (kabla ya marekebisho ya 2023 ilikuwa 100) na kasi isiyopungua futi 2,450 kwa sekunde. Wengi wanatumia kaliba ya.270 au .308, siku hizi na kizuia sauti. Upinde ni marufuku kabisa.

Mnapanda hadi mahali pa kuchungulia. Mnyatiaji anajilaza chali au ubavu, anategesha ile darubini ndefu ya kuvuta kwenye fimbo yake, anakagua mlima wa ng'ambo polepole, kipande kwa kipande. Anaweza kukaa hapo muda mrefu hata mgeni akaanza kutetemeka. Anatafuta kundi, halafu ndani ya kundi anamtafuta mmoja. Halafu anatafuta walinzi, maana tatizo kubwa mara zote ni yule jike mzee aliyelala pembeni akitafuna, macho yake upande msiouwazia.

Baada ya hapo ni upepo. Mzee, hapa ndipo ninapowavulia kofia hawa jamaa. Upepo wa mlimani haunyooki. Unavuma kutoka magharibi, lakini ukifika kwenye shimo la bonde unajikunja na kurudi nyuma, unachukua harufu yako unaipeleka pale hasa usipotaka. Wanausoma kwa majani, kwa ukungu unavyotambaa, kwa kumbukumbu ya miaka. Wanyama wako nusu kilomita mbele yenu, na bado mnazunguka mlima mzima saa mbili au tatu ili mtokee juu yao mkiwa na upepo wa usoni. Mwisho ni kutambaa, mara nyingi ndani ya kijito, maji yanaingilia kwenye kola na kutokea kwenye viatu. Kondoo mmoja akishtuka, au kwale wakiruka mbele yenu kwa kelele, kazi yote imekwisha na mnaanza upya.

Bunduki inabebwa na mnyatiaji ndani ya ala hadi dakika ya mwisho. Mgeni anaonyeshwa: yule wa tatu kutoka kushoto, subiri ageuke ubavu. Umbali ni mita 100 na kitu, mara nyingine 150. Na sikilizeni hili, kwa sababu kwetu biashara imekaa tofauti: mnyama anachaguliwa na mnyatiaji. Mgeni amelipia siku na dume mmoja. Hajalipia upana wa pembe. Anapigwa mzee aliyeanza kurudi nyuma, pembe zimepungua matawi, au mwenye pembe mbili nyoofu kama mikuki, kwa kuwa huyo akipigana anaua wenzake. Dume mwenye umri wa nguvu na pembe nzuri anaachwa akapande. Mnyatiaji akisema leo hapana, mnarudi nyumbani na hakuna ugomvi.

Akianguka, anachinjwa atoke damu, anapasuliwa palepale na kutolewa matumbo. Anakaguliwa ini na tezi kama kuna ugonjwa. Matumbo wanaachiwa tai na kunguru. Kisha anakuja msaidizi na farasi wa milimani, wafupi, wenye mifupa mizito, wanaobeba mzoga juu ya tandiko maalumu. Milki nyingi sasa zina gari dogo la matairi 8, lakini gari linachana mboji na alama zake zinakaa miaka. Farasi anapita na mlima unabaki ulivyo. Wapo waliorudi kwa farasi kwa sababu hiyo tu, nami naona wamefanya vyema.

Kwenye chumba cha nyama anapimwa. Dume wa mlimani hufika kilo 80 na kitu bila matumbo. Taya linakaguliwa kujua umri kwa meno, mafuta ya figo yanatazamwa, yote yanaingia kwenye daftari. Zipo milki zenye madaftari ya enzi za mababu, na ukiyasoma unaona mwaka wa baridi mbaya kwa jinsi uzito ulivyoshuka.

Bint_Pangani

Samahani kaka, nimesoma yote na umeandika vizuri, ila bado naona ni kuua kwa starehe. Mtu ana hela, anasafiri, anaua, anaondoka. Kumvika mnyama heshima baada ya kumuua hakumrudishii uhai.

Nyika_Baridi

Dada yangu, sikulaumu, na sitakuambia kwamba mgeni hafurahii. Anafurahia. Lakini njoo Machi, si Septemba. Dume aliyepandana Oktoba amemaliza mafuta yake yote kwa kunguruma na kupigana. Anaingia kwenye baridi mtupu. Theluji kavu anaivumilia. Kinachomuua ni mvua ya baridi na upepo wiki baada ya wiki, tumbo lina majani makavu yasiyo na lishe. Tunawakuta wamekufa kwenye mabonde, nyuma ya mawe, ndama zaidi ya wakubwa. Idadi ikiwa kubwa kuliko malisho, wanaokufa hivyo wanaongezeka. Sisi tuliwaondoa wanyama wanaowala, na wengi tuliwaondolea msitu pia, maana asili ya huyu ni mnyama wa msituni. Mlimani amebanwa, na ndiyo maana ni mdogo kuliko ndugu zake wa Ulaya ya mashariki. Tukikaa pembeni sasa tutawaachia njaa ifanye kazi hiyo.

Mwanafunzi_wa_Mweka

Shikamoo kaka. Uzi huu nauhifadhi. Swali langu ni la darasani: ukipiga majike si unapunguza madume wa kesho? Kama milki inaishi kwa madume, mantiki ya kibiashara ni kuacha majike wengi wazae.

Nyika_Baridi

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza swali ambalo wenye milki wengi walilijibu kimakosa kwa karne nzima.

Kuna kisiwa kinaitwa Rum, upande wa magharibi. Watafiti wamekuwa wakiwafuatilia ayala wa pale tangu miaka ya 1950. Upande wa kaskazini, Kilmory, wanamjua kila mnyama mmoja mmoja, mama yake, watoto wake, mwaka aliokufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliacha kabisa kupiga upande ule ili waone kitatokea nini. Majike wakaongezeka zaidi ya mara mbili. Madume wakapungua! Sababu ni hii: jike ana mdomo mdogo, anaweza kula majani mafupi sana, na anakaa alipozaliwa. Majike wakijaa wanalinyoa eneo zuri hadi dume mwenye mwili mkubwa hapati cha kumtosha, anahama kwa jirani. Na ndama dume anazaliwa dhaifu zaidi mama akiwa na njaa, hivyo anakufa kirahisi kuliko ndama jike. Mwenye milki anayehurumia majike ili apate madume anajiibia mwenyewe.

(Kisiwa hichohicho ayala wameonekana wakiwang'ata vifaranga vya ndege wa baharini wanapotoka kwenye mashimo yao na kula vichwa na mifupa, kwa ukosefu wa madini. Wanatafuna hata pembe zilizodondoka. Ardhi ile ni maskini kiasi hicho.)

Sasa hesabu yenyewe. Mwisho wa baridi tunahesabu, kwa miguu au kwa helikopta theluji ikiwa imelala, tunapata ndama waliovuka kwa kila majike 100. Tuseme una majike 300 na ndama 35 kwa kila 100. Hao ni ndama 105, karibu nusu ni wa kike, yaani 52. Ondoa majike 9 hivi wanaojifia. Lazima upige 43 kila mwaka ili ubaki palepale ulipo. Ukipiga 20 ukajisifu umefanya kazi, kundi linakua huku umelala. Ukitaka kupunguza ili miti iote, 60 au zaidi, na usirudi nyuma mwaka unaofuata.

Wale 43 wanapigwa lini? Msimu wa majike ni 21 Oktoba hadi 15 Februari. Desemba huku jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na saa tisa na nusu alasiri limezama. Kuna siku ukungu unashuka unamaliza wiki hamjaona hata mkia. Majike wako kwenye makundi makubwa, macho mengi. Na kuna sheria ya moyo ambayo hakuna mnyatiaji wa kweli anayeivunja: ukimpiga jike mwenye ndama, ndama naye anapigwa hapohapo, maana akibaki peke yake hatavuka baridi. Hili ni zito. Nimefanya kazi na wazee waliolifanya maisha yao yote na hakuna aliyeniambia linazoeleka.

Hela? Dume mmoja mgeni analipa pauni mia kadhaa pamoja na siku yake. Jike analeta kidogo sana, mengi yanapigwa na wafanyakazi wenyewe kwa mshahara wa kawaida. Hata bei ya milki ikiuzwa imezoeleka kukadiriwa kwa idadi ya madume wanaopigwa kwa mwaka. Kwa hiyo tajiri anasita kupunguza kundi hata akiona mlima wake unaoza.

Mswahili_Inverness

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi wa Mombasa, nimeishi Inverness miaka mingi, naomba niongeze historia kwa sababu bila hiyo mtadhani milima hii ilikuwa mitupu tangu Adamu.

Mabonde haya yalikuwa na watu. Karne ya 18 na ya 19 wenye ardhi waliwafukuza wapangaji wao waweke kondoo. Wengine walisukumwa pwani kwenye vishamba visivyotosha, wengine wakapandishwa meli kwenda Kanada. Ukitembea leo unaona misingi ya nyumba zao, mawe yamejipanga, majani yameota katikati. Kisha pamba ya kondoo na nyama kutoka Australia na New Zealand zikashusha bei, kondoo hawalipi tena. Wakati huohuo Malkia Victoria na mumewe Albert walikodi milki ya Balmoral huku Uskoti mwaka 1848 na kuinunua 1852, Albert akiwa mpenzi wa kunyatia, basi kila tajiri wa viwanda akataka mlima wake. Kabla ya Vita vya Kwanza zaidi ya ekari milioni 3 zilikuwa zimetengwa kwa ayala. Kwa hiyo hii tunayoiita mila ni ya juzi tu, na imekaa juu ya makaburi ya mila nyingine.

Nyika_Baridi

Wa aleikum salaam kaka. Asante, na sina neno la kupinga. Wanyatiaji wenyewe wengi ni vitukuu vya waliobaki. Wanaishi nyumba za milki. Kazi ikiisha, nyumba nayo imekwenda.

Laikipia_Juu

Nafuatilia kutoka Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Uganda waliwahi kupunguza viboko pale Queen Elizabeth kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na majani yakarudi, kwa hiyo hesabu yako naielewa. Swali: kuna mahali huko wamepunguza kweli kweli, na nini kikatokea?

Nyika_Baridi

Wapo. Milki ya Creag Meagaidh ilinunuliwa na serikali mwaka 1985. Walipunguza bila kujenga uzio, na miti ya betula ikapanda mlima yenyewe. Kwenye milki ya Glenfeshie walianza kupiga kwa nguvu mwaka 2004 hivi, ikaleta kelele kubwa. Mwaka 2006 ikanunuliwa na Mdenmark Anders Povlsen ambaye aliendelea bila kulegea. Misonobari ya kale, ambayo kwa vizazi ilikuwa na wazee watupu bila mtoto hata mmoja, leo ina miche iliyojaa bonde. Nilipita pale nikasimama. Mbegu zilikuwa zinadondoka miaka yote hiyo na kila mche uliliwa ungali mdogo.

Uzio ungefanya kazi, ndiyo, lakini unagharimu sana, na ndege wakubwa wa msituni wa jamii ya kwale, ambao wamebaki wachache, wanaugonga wakiruka na kufa.

Kikundi cha wataalamu kilichotoa ripoti mwaka 2020 kilipendekeza ayala wasizidi 10 kwa kilomita ya mraba kwenye maeneo makubwa ya wazi. Ukijumlisha jamii zote nne za wanyama hawa Uskoti inakadiriwa wamefika karibu milioni 1.

Mzee_wa_Ruaha

Na majirani wa hiyo Glenfeshie walisemaje? Maana ukipiga wote kwako, wa kwao si watahamia penye nafasi?

Nyika_Baridi

Walilalamika hivyohivyo mzee, na hawakuwa wajinga. Dume aliyelelewa kwa jirani anahamia kwako kutafuta majani mazuri, unampiga, jirani anapoteza mgeni wake. Kuna milki ndogo zinategemea madume wachache kulipa mshahara wa mtu mmoja mwenye watoto katika shule ya bonde. Shule ikikosa watoto inafungwa. Msimamo wangu ni kwamba anayepunguza awaite majirani kabla ya risasi ya kwanza, na serikali ilipie kazi ya majike kama inavyolipia kupanda miti. Mwaka 2023 waliondoa msimu wa kufunga wa madume, sasa wanaweza kupigwa mwaka mzima. Wanyatiaji wengi hawakuipenda, nami siipendi. Dume wa Januari amekonda, nyama yake haina maana, na hata ukiwamaliza madume wote majike waliobaki watajaza bonde.

Bint_Pangani

Kwa nini basi wasirudishe mbwa mwitu?

Nyika_Baridi

Wapo wanaotaka. Wafugaji wa kondoo hawataki kusikia. Linksi anazungumzwa kwa uzito zaidi, lakini yeye chakula chake hasa ni paa wadogo wa msituni, ayala mkubwa si saizi yake. Januari 2025 kuna watu waliachia linksi wanne kinyume cha sheria karibu na Kingussie. Wakanaswa ndani ya siku chache, mmoja akafa. Kitendo kile kilirudisha mazungumzo nyuma, kwa sababu mfugaji aliyekuwa ameanza kusikiliza alifunga mlango.

Mwanafunzi_wa_Mweka

Kaka, mtu wa nje anaanzaje kazi hiyo? Na nyama yote inaenda wapi?

Nyika_Baridi

Wengi wanaanzia kwenye farasi, msimu wa Agosti hadi Oktoba: kuwalisha, kuwatandika, kusubiri kwenye mvua uitwe. Kuna vyeti vya kunyatia vya ngazi mbili. Cha kwanza ni mtihani wa usalama, sheria, utambuzi wa wanyama na kulenga shabaha, cha pili unatazamwa ukifanya kazi mlimani. Bila mafunzo ya ukaguzi wa nyama huwezi kumuuzia mnunuzi. Nyama inachukuliwa na wafanyabiashara kwa bei ndogo ukilinganisha na jasho lake, inaishia kwenye hoteli na maduka.

Mswahili_Inverness

Kwa Waislamu wanaosoma: mimi ya dukani sinunui. Jirani yangu ananipeleka msimu wa majike, napiga mwenyewe kwa bismillahi, nachinja mwenyewe. Nyama haina mafuta kabisa, ukiikaanga kama ya ng'ombe inakuwa kiatu. Mguu nauloweka kwenye mtindi na kitunguu saumu usiku kucha, nauivisha kwa moto mdogo na binzari na mdalasini, kisha mchuzi wake ndio napikia pilau. Samli usiionee huruma.